Maswali ya Wasomaji: Folda ipi uitenge na antivairasi, na ipi usiiguse

Barua kadhaa tulizopokea kutoka Mombasa zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kuiambia antivairasi isiikague folda fulani kwenye kompyuta ya nyumbani. Tumezijibu pamoja. Pasipotajwa programu nyingine, maelezo ni ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja ndani ya Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili msomaji asipotee.

Nahariri video za harusi nyumbani, Majengo. Nikianza kazi kompyuta inakuwa nzito, na kwenye Task Manager naona "Antimalware Service Executable" imekaa juu kabisa. Fundi ameniambia niwe nazima antivairasi kila nikikaa kuhariri. Nifuate?

Usimfuate. Kuzima ulinzi wote kwa sababu ya folda moja ni kuacha nyumba nzima wazi, na hata ukiuzima, Windows huuwasha tena yenyewe baada ya muda, ukarudi pale pale.

Elewa kwanza uzito unatoka wapi. Ulinzi wa papo kwa papo hukagua faili kila inapofunguliwa au kuandikwa. Programu ya kuhariri video huunda vifaili vidogo vidogo vya akiba kwa maelfu: mawimbi ya sauti, vipande vya picha vya kuonyesha haraka, faharasa za klipu. Kila kimoja hupita mkononi mwa Defender. Ndiyo maana mara nyingi mzigo hautoki kwenye klipu zenyewe ulizotoa kwenye kamera, hata zikiwa za gigabaiti nyingi.

Usikisie, pima. Bofya Start, andika PowerShell, ibofye kwa kitufe cha kulia kisha uchague "Run as administrator". Andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Sasa fungua mradi wako, fanya kazi kwa dakika tano kama kawaida, urudi kwenye dirisha lile ubonyeze Enter. Kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 5

Utaonyeshwa faili kumi na programu tano zilizokula muda mwingi wa ukaguzi. Ikiwa faili za kazi yako hazimo kwenye orodha hiyo, kutenga folda hakutakusaidia chochote. Tatizo litakuwa kwingine.

Tuseme umekuta ni akiba ya Premiere, programu ya kuhariri video. Kwa kawaida akiba hiyo hukaa ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka mipangilio na akiba zao, na AppData hatushauri itengwe hata kidogo, kwa sababu virusi vingi hupenda kujificha humo. Ihamishe. Ndani ya Premiere nenda Edit, Preferences, Media Cache, bofya Browse, uielekeze kwenye folda mpya, mfano D:\Harusi\Akiba. Sasa una folda ambayo programu moja tu ndiyo inayoandika ndani yake. Folda ya namna hiyo ndiyo inayofaa kutengwa.

Ili kuitenga, fungua Windows Security kwa kuandika jina hilo kwenye Start. Chagua "Virus & threat protection", shuka hadi "Virus & threat protection settings" ubofye "Manage settings", kisha telezesha hadi chini kabisa penye "Exclusions" ubofye "Add or remove exclusions". Kubali ruhusa ya msimamizi, bofya "Add an exclusion", chagua "Folder", uonyeshe D:\Harusi\Akiba. Folda zote ndogo zilizo ndani yake zitatengwa pia, na hazitaguswa hata na ukaguzi uliopangwa wa kila wiki.

Usitenge D:\Harusi yote. Kadi za kamera na flashi za wateja ndizo njia ya virusi kuingia studioni, na faili unayoinakili moja kwa moja ndani ya folda iliyotengwa haikaguliwi. Weka folda mbili ndugu: D:\Harusi\Mapokezi, inayokaguliwa, ya kupokelea kila kinachotoka nje, na D:\Harusi\Akiba iliyotengwa.

Huenda pia unachokiona ni ukaguzi uliopangwa unaoanza katikati ya kazi. Fungua Task Scheduler, ingia Task Scheduler Library, Microsoft, Windows, Windows Defender, ubofye mara mbili "Windows Defender Scheduled Scan". Kwenye kichupo cha Triggers bofya New, chagua Weekly, kisha siku na saa. Studio inayofungwa kwa swala ya Ijumaa inaweza kupanga ukaguzi saa sita na robo mchana siku hiyo: kompyuta iko wazi na hakuna anayeihitaji. Ila kumbuka Windows husoma saa kwa Kizungu, kwa hiyo andika 12:15 PM.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipita. Joto la Mombasa na vumbi la chumvi huziba feni, na prosesa ikichemka hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kabla ya kuilaumu antivairasi, fungua kasha upulize feni. Na kama Windows bado iko kwenye diski ya zamani inayozunguka, kuihamishia kwenye SSD, diski isiyozunguka, kutakupa nafuu kubwa kuliko kutenga folda yoyote.

Mimi ni mwanafunzi, naishi Tudor, najifunza kuandika programu kwa JavaScript. Nikiweka vifurushi vya msimbo kwa npm, kifaa cha kuvipakua, nangoja hadi nachoka. Je, nitenge folda yangu yote ya miradi?

Tunaelewa kishawishi. Folda ya node_modules, ambamo npm huviweka vifurushi vya mradi mmoja, inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya faili ndogo, na kila moja hukaguliwa inapoandikwa. Lakini vifurushi hivyo vinatoka kwenye intaneti, vimeandikwa na watu usiowajua, na vingine huendesha amri papo hapo vinapowekwa. Vifurushi vya wizi vimekutwa kwenye npm zaidi ya mara moja. Kutenga node_modules ni kuondoa mlinzi pale pale wageni wanapoingilia.

Kama una Windows 11 iliyosasishwa, iko njia bora zaidi, na imetengenezwa kwa ajili ya kazi yako: Dev Drive. Ni sehemu ya diski ambamo Defender hukagua faili baada ya kufunguliwa badala ya kuizuia programu ingoje. Ulinzi unabaki, kungoja kunapungua. Nenda Settings, System, Storage, "Advanced storage settings", "Disks & volumes", ubofye "Create dev drive". Inahitaji angalau gigabaiti 50 za nafasi na RAM ya gigabaiti 8, ingawa 16 ndiyo inayopendekezwa. Ukishaiunda, hamishia miradi yako huko pamoja na akiba ya npm.

Kama diski yako ni ndogo, tenga tu folda ambayo kifaa chako cha kujengea huandika matokeo, kama vile dist au build. Zilizobaki ziache zikaguliwe.

Nimeitenga folda, nimehakikisha jina lake limo kwenye orodha, na bado faili zangu zinakamatwa. Nimekosea wapi? — Msomaji wa Kisauni

Anza na hili: je, una antivairasi nyingine? Ukiweka Avast, Kaspersky au ESET, Defender hujiondoa kazini, na orodha uliyoijaza kwake haisomwi na mwingine. Lazima uitenge folda ndani ya ile inayofanya kazi. Kwenye Avast ni Menu, Settings, General, Exceptions. Kwenye ESET bonyeza F5, uingie sehemu ya Exclusions, na uangalie vizuri kwani zimo za aina mbili: "Performance exclusions" huruka ukaguzi wa folda nzima, ilhali "Detection exclusions" hukagua ila husamehe jina fulani la tishio.

Kama ni Defender peke yake, tazama anwani ya folda neno kwa neno. Kosa tunaloliona zaidi linatokana na OneDrive. Ikiwashwa, Desktop na Documents huhamia ndani ya folda yake, kwa hiyo C:\Users\jina\Documents uliyoitenga haina kitu, na kazi yako iko C:\Users\jina\OneDrive\Documents. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome mstari wa Location ujue iko wapi hasa.

Wengine hunakili maelekezo yenye %USERPROFILE% au %APPDATA%. Hayafanyi kazi hapo. Defender huendeshwa na akaunti ya mfumo, si yako, kwa hiyo maneno hayo humpeleka kwenye folda za mfumo. Andika anwani kamili. Ukitaka iwafae watumiaji wote wa kompyuta, tumia nyota mahali pa jina, kama C:\Users\*\Kazi. Nyota moja husimama mahali pa folda moja tu. Na kama folda iko kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani uliyoipa herufi kama Z:, taja anwani yake ya mtandao inayoanza na \\ badala ya herufi.

Ukiwa na shaka, fungua Command Prompt kama msimamizi umuulize Defender mwenyewe:

"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -CheckExclusion -Path "D:\Kazi"

Atakujibu kama njia hiyo imetengwa au la.

Iko hali moja zaidi inayofanana na hii lakini si hii. Ikiwa programu yako inashindwa kuhifadhi faili kwenye Documents, na ujumbe unataja "Controlled folder access", huo ni ulinzi tofauti dhidi ya virusi vinavyofunga faili ili udaiwe fidia. Kutenga folda hakuuondoi. Nenda "Ransomware protection", kisha "Allow an app through Controlled folder access", uiruhusu programu hiyo pekee.

Nina kazi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko nyumbani, Changamwe. Fundi aliniwekea Office na programu ya hesabu, akaitenga C: yote akisema bila hivyo hazitafunguka. Je, kuna ubaya?

Ubaya upo, na ni mkubwa. Iondoe C:\ kwenye orodha leo, kabla ya kufungua barua pepe nyingine yenye ankara. Kwenye "Add or remove exclusions" bofya jina lake kisha "Remove". Kutenga C: ni sawa na kutokuwa na antivairasi kabisa, ila alama ya kijani inaendelea kukuambia uko salama.

Baada ya hapo fanya "Full scan" uone kinachojitokeza kwenye "Protection history", na usome jina la tishio, kwa maana jina linaeleza mengi. Likianza na HackTool, mfano HackTool:Win32/AutoKMS, basi Office uliyowekewa imefunguliwa kwa kivunja leseni. Vifaa vya aina hiyo hupita mikono mingi hadi vimfikie fundi, na mara nyingi mtu ameshachomeka chake njiani. Kwa mtu anayeshika hati za forodha za wateja na nywila za benki, hilo halifai kusamehewa. Nunua leseni halali, au tumia LibreOffice ambayo ni ya bure na hufungua faili za Word na Excel. Likianza na PUA, ni programu isiyotakikana, kwa kawaida ya matangazo. Likiishia na !ml, Defender amekisia kwa mashine iliyofunzwa kutambua tabia za faili. Hapo ndipo programu safi za hesabu, hasa zilizoandikwa na kampuni ndogo, huweza kushikwa kimakosa.

Kama programu yako ya hesabu imeshikwa hivyo, hakiki kabla ya kuisamehe. Faili ya kuiweka uipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye flashi ya fundi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, uone kama kuna kichupo cha "Digital Signatures" chenye jina la mtengenezaji. Kisha ipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, inayopokea faili hadi megabaiti 650 na kuikagua kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Ipandishe programu tu. Usipandishe hati za wateja huko, maana kilichopandishwa huweza kuonwa na wengine. Zikiishika moja au mbili kati ya nyingi, huenda ni kosa. Zikiishika kumi, usibishane nazo.

Ukiridhika, tenga faili hiyo moja kwa kuchagua "File" badala ya "Folder", ndipo uirudishe kwa "Restore" kwenye "Protection history". Ukianza na Restore itashikwa tena kabla hujamaliza. Pia mpelekee Microsoft faili hiyo kupitia ukurasa wao wa kupokea sampuli. Wakikubali kuwa ni safi, sasisho litaiachilia nawe utaweza kuiondoa kwenye orodha.

Flashi yangu ikitoka saiba, Defender hufuta vitu. Nitenge E:?

Hapana. E: ni herufi tu. Flashi yoyote ya mtu yeyote itakayoipata herufi hiyo kesho haitakaguliwa.

Kinachofutwa huenda ni njia za mkato za kirusi kinachoficha folda zako halisi. Kwa kawaida folda zenyewe hazijapotea. Mwache Defender amalize kusafisha, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zitaonekana tena.

Mwanangu anataka kutenga folda ya mchezo wa kompyuta kwa sababu maelekezo aliyoyapata mtandaoni yanadai hivyo. Nimruhusu? — Mama wa Likoni

Mama, inategemea faili ilikotoka. Mchezo ulionunuliwa kwenye duka rasmi kama Steam hauhitaji kutengwa ili ufunguke. Maelekezo yanayokuanzisha na "kwanza zima antivairasi" karibu kila mara ni ya nakala za wizi au vifaa vya kudanganyia mchezoni, na humo ndimo wezi wa nywila hupandwa. Mfungulie mtoto akaunti ya kawaida: Settings, Accounts, "Other users", chagua jina lake, "Change account type", kisha "Standard User". Mwenye akaunti hiyo hawezi kuongeza chochote kwenye orodha bila nywila yako.

Nimefungua orodha ya Exclusions nikakuta folda nne ambazo sikuziweka mimi. Kompyuta niliinunua ya ex-UK, na naitumia peke yangu.

Barua hii tumeisoma kwa wasiwasi kuliko zote. Virusi vingi, vikishapata ruhusa ya msimamizi, jambo la kwanza hutenga folda vinamoishi ili Defender asivione. Amri vinayotumia ni ile ile ambayo mtu mwema angetumia, Add-MpPreference, kwa hiyo hakuna kengele inayolia.

Piga picha ya orodha kwa simu. Kisha fungua Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Windows Defender, Operational, utafute matukio ya namba 5007. Kila moja lina tarehe, na huonyesha kilichobadilishwa. Ukiona anwani ya folda mojawapo pale, linganisha tarehe hiyo na programu uliyoiweka siku hiyo. Aghalabu mkosaji atakuwa programu hiyo.

Ondoa majina yote manne, sasisha Defender, kisha kwenye "Scan options" chagua "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kazi ya kama dakika 15. Hifadhi kazi yako kwanza, na kama umeme wa mtaani kwenu hukatika, hakikisha betri imejaa. Ikimaliza, fanya "Full scan". Nywila za barua pepe na benki zibadilishe ukitumia kifaa kingine, usizibadilishe kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Majina yakikataa kuondoka na juu yake pameandikwa kuwa mipangilio inasimamiwa na shirika lako, basi yamewekwa kwa sera ya mfumo. Kompyuta za mitumba zilizotoka maofisini huja na mabaki ya sera kama hizo, na virusi navyo vimejua kuiga mbinu hiyo. Kwako wewe dawa ni moja kwa hali zote mbili: nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje, usinakili programu, kisha uiweke Windows upya kutoka kwenye faili ya Microsoft. Na kama bado iko kwenye Windows 10, nenda moja kwa moja Windows 11 ikiwa mashine inaikubali, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Folda niliyoitenga naweza kuikagua mara moja moja bila kuiondoa kwenye orodha?

Unaweza, na tunakusihi uifanye kila mwezi. Ukitumia kitufe cha kulia kuikagua, Defender ataheshimu orodha na kuiruka. Tumia Command Prompt ya msimamizi:

"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File "D:\Harusi\Akiba" -DisableRemediation

Neno la mwisho ndilo lenye kazi. Linamwambia Defender apuuze orodha ya faili zilizotengwa, afungue hata faili zilizobanwa, lakini asifute wala asihamishe kitu. Folda ikiwa safi utasoma "found no threats". Likitajwa tishio, kumbuka kuwa bado liko pale pale halijaguswa: ondoa folda kwenye orodha kwanza, kisha ubofye folda hiyo kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Scan with Microsoft Defender" ili kilichopatikana kipelekwe karantini.